Kabla ya Kufungua Kabureta

Skuta ya mipigo miwili ikianza kukohoa Lipangalala, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa kwa petroli, jeti zinachokonolewa kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa klachi, inapulizwa upepo, inafungwa. Chombo kinawaka, mwenyewe analipa na kuondoka. Wiki haiishi amerudi na kasoro ile ile, na safari hii tundu la jeti limeshapanuka, kwa hiyo kasoro zimekuwa mbili.

Hoja yangu ni kwamba kwenye skuta iliyofanyiwa marekebisho, kabureta iwe ya mwisho kushukiwa. Kazi yake ni moja: kupima petroli kulingana na hewa inayopita kooni mwake. Anayegusa njia ya hewa mahali popote, iwe kwenye chujio, kwenye silinda au huko nyuma kwenye eksozi, amebadilisha kipimo hicho hata kama kabureta yenyewe hajaitia bisibisi. Anayeifungua bila kujua hewa inapita wapi anatafuta ugonjwa kwenye kiungo kizima.

Kwanza tuvijue vyombo vyenyewe. Lipangalala ni kata ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Bodaboda nyingi za hapa, kama zilivyo za Tanzania nzima, ni za mipigo minne kutoka India na China. Mipigo miwili imebaki kwa wachache: vespa za zamani, ambazo makao yake makuu nchini ni Zanzibar, pikipiki kama Yamaha AG100, zilizoletwa enzi za miradi ya kilimo na afya, misumeno ya mnyororo, na bomba za mgongoni za kupulizia dawa. Kwa kuwa ni za wachache, spea zake ziko mbali. Anayetafuta jeti halisi ya vespa atapiga simu Kariakoo au Gerezani, zaidi ya kilomita 400, au atangoja mtu anayevuka kutoka Unguja.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ulaya mtu hurekebisha skuta ili ikimbie. Hununua silinda ya cc 177 ya Polini au DR badala ya ile ya cc 150, pamoja na eksozi na jeti zinazoiendea, na maelezo yamo ndani ya boksi. Lipangalala marekebisho mengi yanatokana na uhaba. Eksozi imekatwa kwa sababu ilioza, chujio limeondolewa kwa sababu lilichanika, na kabureta ya bodaboda imefungwa kwa sababu ile ya asili imekwisha. Mwenye chombo hata hajioni kama mtu aliyefanya marekebisho. Anajiona kama mtu aliyetengeneza. Lakini kanuni za hewa na petroli hazijali nia ya mtu, na kwa sababu hajui kwamba amebadilisha kitu, hapimi upya.

Ubaya wa kutopima upya unatokana na jinsi injini hii inavyofanya kazi. Mwaka 1891 Mwingereza Joseph Day alisajili muundo ambao mchanganyiko wa hewa na petroli huingia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, kisha husukumwa kupitia njia za pembeni hadi juu unapochomwa. Hakuna valvu juu wala bwawa la oili chini. Oili husafiri pamoja na petroli, hulainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha huungua. Kwenye bodaboda ya mipigo minne, petroli ikipungua utapata joto na mvuto mbaya, ila oili bado ipo chini. Kwenye vespa inayochanganywa oili kwenye tenki, petroli ikipungua na oili inapungua nayo, na pistoni inakosa ubaridi wa petroli inayoipitia. Kwa hiyo kosa la kuzidisha petroli litakuletea moshi, plagi chafu na hasara ya pesa. Kosa la kupunguza petroli litashikanisha pistoni au kuitoboa. Makosa haya mawili hayalingani, na fundi mwema akiwa na shaka huegemea upande wa petroli nyingi.

Tuanze na petroli yenyewe, maana bonde hili lina shida zake. Uchakachuaji wa mafuta ulifikia kiwango cha kuifanya mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isimvutie mchakachuaji. Hatua hizo zinagusa mafuta ya vituoni. Petroli ya chupa za maji zilizopangwa mezani kandoni mwa barabara ni habari nyingine. Hata kama haikuchanganywa na kitu, imekaa juani ndani ya plastiki, na sehemu nyepesi inayosaidia injini baridi kuwaka imeshageuka mvuke. Dalili yake ni kiki nyingi asubuhi na utulivu baadaye, na mtu hulaumu choki. Jaribio la mafuta ya taa ni rahisi, ila lifanywe kabla ya kuchanganya oili: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka na kuacha karatasi kama ilivyokuwa, mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Kisha maji. Masika, bonde linapofurika na barabara za mitaa kugeuka madimbwi, maji huingia kwenye madumu, kwenye tenki kupitia mfuniko uliochakaa, na kwenye kabureta kupitia boneti isiyofunga. Lita moja ya petroli ina uzito wa takribani gramu 740 na ya maji gramu 1000, kwa hiyo maji hukaa chini kabisa, pale pale jeti kubwa inapovutia. Injini inaweza kuwaka na kutulia vizuri, kisha ukivuta mafuta inakata. Usikimbilie waya wa klachi. Mwaga petroli ya kwenye bakuli la kabureta katika glasi angavu uitazame kwenye mwanga. Matone ya maji yataonekana yakitambaa chini. Ukiyakuta, kusafisha kabureta peke yake ni kazi bure. Tenki nalo lioshwe, na koki pamoja na kichujio chake.

Kuna kasoro nyingine ya petroli inayowachosha watu kwa wepesi wake. Skuta inatembea vizuri kwa dakika chache, inakata, inapumzishwa, inawaka tena. Fungua mfuniko wa tenki mara tu inapokata. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na chombo kikawaka papo hapo, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba kwa vumbi. Kabureta haikuwa na habari.

Sasa hewa. Hapa ndipo injini nyingi za mipigo miwili huuawa, na ndipo mafundi wengi hawatazami.

Chujio lina njia mbili za kuleta kasoro. Kiangazi vumbi la bondeni hulijaza, hewa inapungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na chombo kinazubaa. Mtu analiondoa, chombo kinaruka mbele, na anaamini ametengeneza. Alichofanya ni kuhama kutoka kosa la petroli nyingi kwenda kosa la petroli kidogo, tena huku akiiachia pistoni vumbi. Chujio la vespa ya kawaida ni la wavu wa chuma. Huoshwa kwa petroli, hupulizwa, hurudishwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kiangazi inastahili kufanywa mara nyingi kuliko kitabu cha kiwandani kinavyosema, kwa kuwa aliyekiandika hakuwahi kufuata fuso la mpunga kwenye barabara ya vumbi.

Njia ya pili ya hewa ni ile isiyotakiwa. Kwa kuwa chumba cha krenki ni sehemu ya njia ya mchanganyiko, ufa wowote kati ya kabureta na pistoni unaingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Gasketi iliyokatwa kwenye boksi la katoni, kitako cha kabureta kilichopinda kwa kukazwa kupita kiasi, kiungo cha mpira kilichopasuka, sili za krenki zilizokauka: vyote vinazaa dalili ile ile. Injini haitulii. Ukiachia mkono wa mafuta, mlio unabaki juu kabla ya kushuka, au unapanda wenyewe injini ikipata joto. Fundi anageuza skrubu ya hewa kushoto, kulia, kushoto, na kila asubuhi anaanza upya.

Sili za krenki za vespa ziko mbili, na kila moja hufa kwa namna yake. Iliyo upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia. Moshi mzito mweupe hauishi hata injini ikipata moto, na kiwango cha oili ya gia hushuka bila kuvuja chini. Iliyo upande wa sumaku ikichoka, injini hunyonya hewa tupu. Haitoi moshi wala haiachi doa. Ni hatari zaidi kwa sababu chombo huwa chepesi na chenye mlio mkali kinachowapendeza vijana, mpaka siku pistoni inaposhika.

Ufa huu unaweza kupimwa bila mashine ya bei kubwa, na ningependa kila gereji ya Ifakara iwe na kipimo chake. Funga tundu la eksozi na mahali pa kabureta kwa vipande vya tyubu vilivyobanwa na bati, shusha pistoni chini kabisa ili njia za pembeni ziwe wazi, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi, ukitumia plagi kuukuu iliyotolewa utumbo na kuungwa mrija. Pampu na saa yake zipo katika kile kipimo cha presha ya damu cha kubana mkono. Mwisho wa saa hiyo ni milimita 300 za zebaki, sawa na takribani bari 0.4, ambacho ndicho kiwango kinachofaa kwa kazi hii. Ukizidisha utazitoa sili mahali pake. Sindano ikisimama kwa dakika kadhaa, injini ni nzima. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo utazame mapovu. Upande wa sumaku uvuliwe sumaku kwanza. Upande wa klachi sikiliza kwenye tundu la kujazia oili ya gia, hewa itasikika ikitokea huko. Jaribio zima halimalizi saa moja, nalo linamwepusha mwenye chombo na gharama ya pistoni na silinda.

Moto wa plagi nautaja kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu kanuni yake ni fupi: upimwe pale pale injini inapokata, si baada ya kunywa chai. Nyaya zilizo nyuma ya sumaku za vespa za zamani hupoteza ganda kwa joto na uzee. Injini ikiwa baridi moto upo, ikipata joto moto unapotea, ikipoa unarudi. Tabia hiyo inafanana mno na kabureta iliyoziba, na kabureta nyingi nzima zimechokonolewa kwa kosa la waya.

Nayo eksozi huziba. Oili iliyoungua huacha masizi yanayokusanyika ndani mpaka moshi unakosa pa kutokea, na chombo kinakataa kwenda mwendo wa juu kana kwamba jeti imezidisha petroli. Dawa yake ya siku zote ni kuichoma ndani mpaka masizi yaungue na kuyagonga yatoke. Kuikata au kuitoboa ni jambo jingine kabisa. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden, akiwa kiwandani MZ huko Ujerumani Mashariki, alionyesha jinsi umbo la eksozi linavyotawala injini ya mipigo miwili: mawimbi ya shinikizo yanayorudi kutoka kwenye bomba huvuta mchanganyiko mpya uingie na kuuzuia usitoke kabla ya kuchomwa. Kwa hiyo bomba ni sehemu ya mfumo wa kuvuta hewa, ingawa liko nyuma. Anayelikata kwa msumeno amebadilisha kiasi cha hewa kinachopita kooni mwa kabureta, na jeti aliyonayo si kipimo chake tena.

Baada ya hayo yote kukaguliwa, ndipo kabureta ifunguliwe. Na hata hapo, swali la kwanza ni kasoro inatokea mkono wa mafuta ukiwa wapi. Bandika kipande cha plasta kwenye mkono na kingine kwenye ganda lake, weka alama za robo, nusu na robo tatu, kisha endesha. Kuanzia mwanzo hadi karibu moja ya nane, mtawala ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Kutoka hapo hadi robo ni umbo la kipande kinachopanda na kushuka kooni. Kwenye kabureta zenye sindano, kama Mikuni za pikipiki za Yamaha, robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Kabureta ya vespa ya kawaida, Dell'Orto aina ya SI, haina sindano. Jeti kubwa, bomba la matundu na jeti ya hewa iliyo juu yake vinashirikiana katika sehemu yote ya juu. Fundi anayebadilisha jeti kubwa kwa sababu chombo hakitulii kikiwa kimesimama anajisumbua, maana pale jeti hiyo karibu haina neno.

Ukishajua mahali, uliza kama petroli ni nyingi au kidogo. Choki itakujibu. Chombo kikiwa kwenye kasoro yake, vuta choki kidogo. Kikipata nafuu, kilikuwa na njaa ya petroli. Kikizidi kuugua, kilishiba kupita kiasi. Jaribio la upande wa pili ni kufunga koki huku unaendesha mahali palipo wazi na salama: petroli kwenye bakuli ikishuka, mchanganyiko unapungua mafuta, na chombo kikichangamka sekunde chache kabla ya kuzima, ujue kilikuwa kinazidisha. Shika klachi mara kinapoanza kufa, kisha fungua koki. Kwa mwendo wa juu, plagi ndiyo yenye neno la mwisho. Endesha kwa mkono uliofunguka wote, zima moto na shika klachi kwa wakati mmoja, simama, ifungue. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi, nyeusi ya kung'aa na mbichi ni oili nyingi au moto hafifu, nyeupe kama majivu ni onyo la kusimamisha safari.

Sasa ile jeti na ule waya. Namba iliyopigwa kwenye jeti za Dell'Orto ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Vespa PX150 ilitoka kiwandani na jeti kubwa ya 100, maana yake milimita moja. PX200, yenye kabureta pana zaidi, ilitoka na 116. Eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Waya ukipanua tundu la milimita moja kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, eneo linaongezeka kwa asilimia 21. Jicho halioni mabadiliko hayo, lakini injini inayaona, na namba iliyoandikwa juu bado inasema 100. Kuanzia siku hiyo kila fundi atakayeisoma atadanganywa. Jeti iliyoziba ilowekwe, ipulizwe, na ikibidi ipitishwe unywele mgumu wa brashi ya nailoni. Chuma kisiingie.

Ugumu mwingine ni kwamba namba za kampuni tofauti hazifanani. Jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa kiasi cha petroli kinachopita, si kwa kipenyo. Namba 100 ya Mikuni na 100 ya Dell'Orto ni vitu viwili, na anayezibadilishana kwa kufuata namba peke yake anabahatisha.

Kubahatisha huko ndiko kunakotokea kabureta ya bodaboda inapofungwa kwenye injini ya mipigo miwili. Silaumu jambo lenyewe. Mahali ambapo kabureta ya vespa haipatikani na ya bodaboda iko duka la pili, fundi anayetengeneza kitako na kuifunga ametumia akili. Kinachokosekana ni kazi inayofuata. Sindano na jeti za kabureta hiyo zilipimwa kwa injini inayovuta mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, na sasa inavutwa kila mzunguko. Mara nyingi itatulia vizuri na kuondoka vizuri, halafu katikati ya mkono ikakosea upande mmoja au mwingine. Anza na jeti kubwa iliyo wazi kupita kiasi, mpaka injini inagoma mwendo wa juu kwa kushiba, kisha shuka namba moja moja. Sindano nayo ianze ikiwa imeinuliwa, klipu ikiwa mfereji wa chini, ndipo ishushwe. Usianzie chini kwenda juu, maana namba ndogo ya kwanza ndiyo itakayokula pistoni. Jeti tano au sita zenye namba zinazofuatana, zikinunuliwa kwa mkupuo, zinaweza kutumiwa na mafundi wa mtaa mzima kwa zamu.

Kuhusu oili, vespa nyingi zinazochanganywa tenkini huhitaji asilimia 2, yaani mililita 20 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Wengi huzidisha kwa kuamini wanailinda injini. Hesabu yao ina kasoro, kwa sababu kila tone la oili linalopita kwenye jeti limechukua nafasi ya petroli. Athari hiyo kwa asilimia mbili tatu ni ndogo, sitaitia chumvi. Madhara makubwa ya kuzidisha ni masizi kwenye eksozi na plagi. Kinachoua kweli ni kukadiria kwa macho, leo mfuniko mmoja, kesho miwili, au kutumia oili ya injini ya gari, ambayo haikutengenezwa ili iungue. Na kwa pikipiki iliyokuwa na pampu yake ya oili ikaondolewa, mrija wake wa zamani uzibwe kwa uhakika, la sivyo ni ufa mwingine wa hewa.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu kipimo ambalo ramani ya hapa inalitaka. Ifakara iko takribani mita 250 juu ya usawa wa bahari. Ukivuka Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018, ukapita Lupiro na kupanda Mahenge, unafika karibu mita 1000. Huko juu hewa imepungua uzito kwa asilimia 7 hivi, nayo kabureta inaendelea kutoa petroli karibu ile ile. Skuta iliyopimwa vizuri Lipangalala itazubaa kidogo Mahenge, na hilo halina madhara. Hatari ni kinyume chake: aliyeudhika na uzubavu huo akapunguza jeti akiwa Mahenge, kisha akarudi bondeni kwenye hewa nzito. Na wakati wa kushuka mteremko ule, usiuache mkono umefungwa muda mrefu huku gia ikishikilia. Injini inazunguka kwa kasi bila kupata petroli, maana yake bila oili. Vuta mafuta kidogo kila baada ya muda, au shika klachi na utumie breki.

Kwa sababu hiyo hiyo ya uzito wa hewa, kipimo cha mwisho kifanywe asubuhi ya kipupwe, Juni au Julai, hewa ikiwa nzito kuliko wakati mwingine wote. Chombo kilicho salama saa hiyo hakitakufa kwa joto la Novemba.

Kwa mafundi wa Lipangalala na wakufunzi wa vyuo kama VETA Kihonda ninaomba mambo mawili: jaribio la shinikizo lifundishwe na lifanywe kabla ya kabureta kuguswa, na kila skuta iliyorekebishwa iandikwe ndani ya boneti, kwa wino usiofutika, namba za jeti zilizomo, aina ya chujio na eksozi, na tarehe. Nawe mwenye chombo, ukifika gereji usiseme "nisafishie kabureta." Sema kinakosea mkono ukiwa wapi, kikiwa baridi au moto, petroli ulinunua wapi, na ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho. Kisha mwache fundi atafute, na umlipe kwa muda anaoutumia kutafuta.